Wakuu, wizi ni mbaya kwa sababu Mungu kakataza, au Mungu kakataza kwa sababu ni mbaya?

Fundi_Majokofu:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada maana nimeaibishwa na mtoto kwenye baraza yangu mwenyewe. Mi ni fundi wa friji na AC, shule yangu iliishia VETA, falsafa naisikia kwa watu tu. Juzi nilikua na mpwa wangu yuko kidato cha tano, kuna friji la mteja linavuja gesi, nikampa kijana brashi na kikopo cha povu la sabuni apake kwenye maungio ya paipu tuone wapi panatoa mapovu. Kakaa kimya muda mrefuu, mara kaniuliza, "Anko, kuiba ni vibaya kwa sababu Mungu kakataza, au Mungu kakataza kwa sababu kuiba ni vibaya?"

Nikamjibu fasta si ni kitu kimoja hicho. Akasema hapana anko. Kama ni vibaya kwa vile tu kakataza, basi angesema ibeni, kuiba kungekua vizuri, na hata ukisema Mungu ni mwema unakua hujasema kitu maana chochote atakachofanya kitaitwa chema. Na kama kakataza kwa vile ni vibaya, basi ubaya ulikuwepo kabla ya amri, na Mungu nae anaufuata tu kama sisi. Halafu akarudi kupaka povu kama hajasema kitu. Mi nimebaki na spana mkononi.

Mi ni Mlutheri, nasali, sina mpango wa kuacha, ila usiku nimegeuka geuka kitandani hadi mke wangu akauliza kama ni tumbo. Huyu dogo kayatoa wapi haya? Na wenye elimu zao wanajibuje? Matusi ya dini msilete, nawaomba sana.


jogoo_la_mjini:

Naweka kambi hapa. Wajuzi wakija mniamshe.


Frateri_Mstaafu:

Mkuu huyo dogo hajatoa mbali, hilo swali lina zaidi ya miaka 2,300. Nimesoma falsafa miaka mitatu seminari kuu kabla sijavua kanzu na kwenda kuoa, na hili ndo lilikua la kwanza kutupasua kichwa.

Liko kwenye mazungumzo aliyoandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Socrates, mwalimu wake, kashtakiwa Athens mwaka 399 KK kwamba haheshimu miungu ya mji na anaharibu vijana. Nje ya ofisi ya hakimu anakutana na jamaa anaitwa Euthyphro, nae kaja na kesi yake, anamshtaki baba yake mzazi. Kesi yenyewe hii hapa, sikiliza vizuri. Kibarua wao alilewa akamchinja mtumwa wa nyumbani, baba akamfunga kamba mikono na miguu akamtupa mtaroni, akatuma mtu Athens kwa wataalamu wa dini kuuliza afanyweje. Mjumbe hajarudi, kibarua kafa kwa njaa na baridi. Yaani mtu kafa mtaroni watu wakisubiri jibu la kidini! Kila nikifika hapo nasimama.

Euthyphro anajiamini balaa, anasema mi najua miungu inataka nini. Socrates akamwambia basi nifundishe, uchamungu ni nini? Jamaa akasema ni kile miungu inachokipenda. Socrates akamkumbusha kwamba miungu yenyewe inagombana, na Euthyphro mwenyewe alishasema Zeus alimfunga baba yake minyororo, sasa tumfuate yupi? Haya, tuseme wanakubaliana wote. Ndo linakuja swali la mpwa wako: wanakipenda kwa sababu ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa sababu wanakipenda? Jamaa akazunguka weee, mwisho akasema ana haraka akaondoka. Kwaiyo usione aibu na spana yako, hata yule mtaalamu wa miungu alikimbia.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba swali hili halikubaki kwa wapagani. Wakristo wamepigana nalo ndani kwa ndani. William wa Ockham, mtawa mfransisko wa Uingereza karne ya 14, alishika upande wa amri kiasi cha kusema Mungu angeweza hata kuamuru achukiwe na ingekua sawa. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1686 akasema hapana, ukienda hivyo unamwondolea Mungu sifa, maana utamsifia nini kwa alichofanya kama angesifiwa vilevile kwa kufanya kinyume chake? Wote hao waumini. Kwaiyo dogo akiuliza hivi usidhani kashaasi.


Mpemba_wa_Maskati:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Frateri kasema kweli ila kaishia kwao, na sisi tunalo, tena kwetu liligawa watu makundi na likatia watu jela.

Waislamu wa mwanzo kule Basra walizuka watu wakiitwa Muutazila, kiongozi wao Wasil bin Ataa, kafa mwaka 748. Wao wakasema uzuri na ubaya wa kitendo umo ndani ya kitendo chenyewe, na akili inaujua hata kabla sharia haijaja. Dhulma ni mbaya, na Mwenyezi Mungu ni muadilifu kwa hivyo hafanyi dhulma. Yaani upande wa pili wa swali la kijana.

Sasa kulikua na mwanafunzi wao mmoja, Abul Hasan Al-Ashari, alikaa nao mpaka miaka kama arubaini ya umri wake kisha akawageuka. Kisa kinachosimuliwa ni kuwa alimuuliza mwalimu wake Al-Jubbai habari ya ndugu watatu. Mmoja muumini kafa kaingia peponi, mmoja kafiri kaingia motoni, wa tatu kafa mtoto. Yule mtoto akasema ya Rabbi, mbona hukuniacha nikue nami nikapata daraja kama ya kaka yangu? Mwalimu akajibu, ataambiwa nilijua ukikua utakufuru, kwa hivyo la kheri kwako lilikua ufe mdogo. Al-Ashari akamwambia, haya, na yule wa motoni si atapiga ukelele aseme ya Rabbi, kwa nini na mimi hukuniua mdogo? Mwalimu kimya.

Basi kuanzia hapo Maashari, yaani wafuasi wake, wakasema usimpimie Mola kwa mizani yako. Zuri ni alilolisema zuri na baya ni alilolikataza, hana wa kumuuliza. Na masheikh wengi wa Kishafii wa pwani yetu akida yao, yaani itikadi yao, ndio hiyo, wengi wetu tumeisoma madrasa bila kujua ina jina. Ila na wao hawajabaki peke yao, wako Maturidi wa upande wa Samarkand waliosema akili inaweza kujua baadhi ya mema na mabaya, lakini wajibu na hukumu zake ni za Allah.

Mie binafsi? Nilikua Muashari moja kwa moja mpaka nilipopata watoto. Siku hizi najikuta nasema nao kama Muutazila, "usimpige mwenzio, inauma." Sijawahi kumwambia mtoto wa miaka minne inauma kwa sababu imekatazwa.


haamini_kitu:

Mnajisumbua bure, jibu rahisi tu hakuna Mungu. Swali la dogo linaonyesha maadili hayahitaji dini. Kwisha habari.


Frateri_Mstaafu:

@haamini_kitu mkuu umeruka mto ambao haupo. Swali haliulizi kama Mungu yupo, linauliza uhusiano wa amri yake na wema. Unaweza kuamini yupo kabisa na bado ukasema wema haukuanzia kwenye amri. Kwasi Wiredu, yule mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022, aliandika kwamba Waakan, watu wa kwao Ghana, wanamkubali Mungu muumba vizuri tu, ila kipimo chao cha jema ni ustawi wa watu, na Mungu analipenda jema kwa sababu ni jema. Hawakua na nabii wala kitabu cha ufunuo na bado walijua mwizi ni mwizi. Bibi yako nae nadhani alijua.


kondakta_wa_Rongai:

Niaje wadau, niko Nairobi, wacha niongezee kitu. Nyote mnauliza Mungu amesema nini lakini hamjauliza ni Mungu gani na nani alimtafsiri. Kuna hadithi Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliandika, ati mwaka 1911 mapadre Waitaliano waliita wazee wa Acholi, kabila la kaskazini mwa Uganda, wakawauliza nani aliwaumba. Shida ni lugha yao haikua na neno la kuumba, so swali likageuka likawa nani aliwafinyanga, kama chungu. Wazee wakashangaa, wakasema watu huzaliwa bwana, hawafinyangwi. Mapadre wakakazana, lazima jibu litoke. Mzee mmoja akakumbuka kuna ugonjwa wa uti wa mgongo, ile TB ya mifupa, mtu huzaliwa mzima halafu anapinda mgongo anakuwa kama amefinyangwa upya, na jini la kuleta huo ugonjwa linaitwa Rubanga. Akasema, Rubanga. Mapadre wakaandika. Na hilo ndilo jina Wakatoliki wa huko walianza kumwitia Mungu kwa sala.

Sasa fikiria mtu anakwambia Rubanga amekataza hiki, kwa masikio ya yule mzee inasikika aje?

Okot hakupenda pia vile kina John Mbiti, mwanatheolojia wetu wa Kenya, walikuwa wanaandika, alisema wanavalisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki, sifa zote za Mungu wa falsafa wanazitafutia Kikamba na Kiyoruba. Mimi naona alimkalia Mbiti ngumu kiasi, huyo mzee alizunguka akakusanya sala na majina ambayo sai yangekuwa yamepotea. Lakini hoja inabaki. Mtu akisema "Mungu amesema", kwanza muulize imepitia mdomo wa nani.


Fundi_Majokofu:

Dah wakuu nimesoma yote mara mbili, mke wangu nimemsomea ya Rubanga kacheka hadi chozi.

Nimepata namna ya kujielewesha kwa kazi yangu niambieni kama nimekosea. Geji na kompresa. Kompresa ndo inapandisha presha upande wa juu wa mfumo, ukiizima ile presha ya juu inashuka. Geji inakusomea tu presha iliyopo, ata ukiivunja presha iko palepale. Sasa swali la dogo ni amri ya Mungu ni geji au ni kompresa? Ockham na Maashari ni watu wa kompresa, Muutazila na huyo Mghana ni watu wa geji. Sawa?

Alafu wakuu kuna kitu sikusema mwanzo. Kondakta kanigusa. Huyu dogo hayuko shule. Mama yake ambae ni dada yangu wa kwanza alikua na hela ya ada ya muhula mzima kwenye bahasha, ndani kabatini, nyingine nilichangia mimi. Kuna mtumishi mmoja wanasali kwake, sitamtaja, alimwambia Mungu kasema naye kwamba hiyo hela aipande mbegu, itarudi mara saba. Akaipeleka yote na bahasha yake. Huu ni mwezi wa pili dogo yuko kwangu ananishikia tochi. Kwaiyo alivyouliza kuhusu kuiba nadhani hakua anaongelea Amri Kumi, mi ndo nimechelewa kuelewa. Nimekuja kushtuka juzi usiku.

Dada ukimwambia kitu anajibu Mungu akisema huulizi, Abrahamu aliambiwa amtoe mwanae akaamka asubuhi na mapema akaenda, hakusema ngoja nifikirie. Sasa hapo mi nasemaje?


Frateri_Mstaafu:

Pole sana mkuu, ungeanza na hilo. Dada yako kaleta mfano mgumu kuliko yote, watu wakubwa wamegombania hapohapo.

Kwanza geji yako nimeipenda, ningekua bado nafundisha ningeiiba. Ila kuna upande wa tatu, Thomas Aquinas, mtakatifu wa Kikatoliki wa karne ya 13, na wengi waliomfuata wanasema amri si geji wala si kompresa, Mungu ndo gesi yenyewe, wema ndo asili yake, kwaiyo haamrishwi na kitu nje yake na pia hajiamulii tu kama mtu anarusha shilingi. Jibu zuri, limetulia, ila mjanja atakuuliza tena, hiyo asili ni njema kwa sababu ni yake au… unaona, mzunguko unaanza upya. Na Thomas huyohuyo kwa Abrahamu alisema isingekua mauaji maana uhai ni mali ya Mungu, kama vile Waisraeli kuchukua vitu vya Wamisri haukua wizi. Hapo mi huwa simfuati. Ni mlango mpana mno, mtumishi wa dada yako anapita nao na bahasha.

Sasa Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1798 aliandika kwenye tanbihi tu, pembeni, kwamba Abrahamu angeijibu ile sauti hivi: kwamba nisimuue mwanangu mwema, hilo nina hakika nalo, ila kwamba wewe unayeongea ni Mungu, hilo sina hakika na siwezi kuwa nayo hata sauti itoke mbinguni. Umeona alivyogeuza? Hajamkataa Mungu. Kakataa kwamba uhakika wa sauti unaweza kuuzidi uhakika wa kwamba mtoto hachinjwi.

Upande mwingine Kierkegaard, mwanafalsafa wa Copenhagen, Denmark, 1843, akasema Abrahamu ndo baba wa imani kwa sababu alivuka hata maadili, ila kaandika kwa kutetemeka, hasemi ni jambo la kumshangilia mtu jukwaani na vinanda vinapigwa. Kakisimulia kisa mwanzoni kwa namna nne tofauti. Mojawapo, Abrahamu akiwa mlimani anajifanya mpagani, anamwambia Isaka hii ni tamaa yangu mwenyewe si Mungu, ili mtoto apoteze imani kwa baba yake na asiipoteze kwa Mungu. Hii nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje.


Mpemba_wa_Maskati:

Na kwetu katika Qur'ani, Suratu Saffat, Nabii Ibrahim hakumburura mtoto, alimuuliza, "basi tazama, waonaje?" na mtoto akajibu mwenyewe, ewe baba fanya unavyoamrishwa. Mwenye shingo alishauriwa. Fundi muulize dada yako, huyu kijana mwenye ada yake alishauriwa?

Kisha hao wa leo wanasahau, Ibrahim alikua nabii na mwisho mtoto alirudi nyumbani nae.


Mama_Tunu:

Nyie wanaume mnaongea vizuri ila mtoto amekaa nyumbani miezi miwili. Mimi nimekua muuza vitenge miaka ishirini na nane na vikoba nimeshika hela za watu, hela ya mtoto ina jina lake, haijalishi nani kasema. Fundi usiende kumpiga dada yako na hao wazungu, atajifunga zaidi. Mtu anapeleka ada ya mwanae kanisani kuna kitu kinamwogopesha, ulimuuliza ni nini? Ana deni? Anaumwa? Mume yuko wapi?

Na yule mtoto ambaye baba yake alijifanya mpagani hapo juu ndo nimekaa naye kichwani. Huyu kijana wenu sasa hivi haulizi hasira zake azipeleke kwa nani, kwa mama au kwa Mungu? Maana mojawapo lazima zitaenda.


Fundi_Majokofu:

Wakuu mrejesho. Nilienda jumapili jioni. Mama Tunu ulikua sahihi, kuna uvimbe kwenye ziwa tangu mwaka jana hakumwambia mtu, mtumishi alimwambia mbegu itaufunga. Nilikua nimepanga maneno yote ya Kant kichwani, nikakaa tu kwenye stuli pale jikoni namuangalia anachambua mchele. Jumatano tunaenda hospitali, shemeji yangu wa kiume amepiga simu nae anakuja.

Ila ya Kant nilishindwa kuvumilia nikaisema mwishoni. Dada akanyanyua uso kwenye ungo akaniambia, "Na wewe anayekwambia mimi nimekosea, una hakika gani kama sio shetani?" Nikakosa jibu tena. Dogo alikua mlangoni anasikia yote, anatabasamu yule mshenzi. Frateri, hapo huyo Mjerumani ana jibu?


Frateri_Mstaafu:

Analo. Mwambie wewe hujadai kusikia sauti ya mtu yeyote, unajua tu kwamba ile hela ilikua ya ada. Ila usimwambie leo. Mwambie baada ya jumatano, na kama majibu ni mabaya usimwambie kabisa.


Fundi_Majokofu:

Sawa mkuu. Ada nimekopa kwenye kikundi cha mafundi, dogo anaondoka jumatatu na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Lile friji bado linavuja, tumepaka povu kila ungio halitoi kitu, kesho nafungua nyuma.